Ugonjwa Hausubiri Toba

Kuna sharti moja katika zahanati na hospitali zetu linalotekelezwa kwa uaminifu kuliko miongozo mingi yenye mhuri wa wizara: aache unga kwanza. Kijana anajidunga heroini, amepima na kukutwa na VVU. Aache kwanza, ARV atazipoteza huyu. Binti anakohoa mwezi wa pili sasa, jasho la usiku linamlowesha. Aache kwanza, dozi ya TB ni miezi sita na teja hana miezi sita. Mwingine kaja na jipu la paja linalonuka, akajidunga pabaya. Huyo atapasuliwa, maana harufu inasumbua foleni, lakini kitanda asikitarajie.

Ukiitafuta miongozo ya taifa ya kutibu VVU, ya Tanzania au ya Kenya, sharti hilo hulikuti. Tangu 2016 nchi zote mbili zinaelekeza kila anayekutwa na virusi aanzishiwe dawa, bila kungoja kinga ishuke na bila kuulizwa anavuta nini. Sharti linaishi mdomoni, pale dirishani. Wanaolisema mara nyingi si watu wabaya. Ni muuguzi mwenye foleni ya watu hamsini ambaye wiki jana teja alimwibia simu. Ni mama mzazi aliyeuziwa sufuria na mwanawe. Ni daktari aliyeona dozi ikikatwa njiani mara nyingi hadi akachoka. Nawaelewa wote watatu, na bado nasema sharti lao ni utabibu mbovu. Linashindwa kwa vipimo vya utabibu wenyewe, kabla hata hatujafika kwenye huruma.

Kwanza tujue lilikotoka. Mwaka 1997 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilitoa tamko kuhusu homa ya ini aina ya C: anayetumia dawa za kulevya asianze matibabu mpaka awe ameacha kwa angalau miezi sita. Wakati huo tiba ilikuwa interferoni, sindano za miezi mingi zinazoleta homa, uchovu na sonona nzito, na waliopona walikuwa wachache. Daktari kusita kulikuwa na mantiki. Miaka mitano baadaye, 2002, jopo jingine lilegeza kamba na kusema kila mgonjwa aangaliwe kwa hali yake. Kisha mwishoni mwa 2013 ikaidhinishwa sofosbuviri, na baada ya muda mfupi homa ya ini C ikawa ugonjwa wa kutibiwa kwa vidonge vya kumeza kwa wiki 12, wanaopona wakizidi tisa kati ya kumi.

Sababu ya kitabibu ya kungoja ikafa hapo, ila sharti likabaki. Majimbo mengi ya Marekani yaliendelea kumdai mgonjwa athibitishe kwamba amekaa miezi kadhaa bila pombe wala dawa za kulevya, ndipo bima ya umma ilipe. Sababu yake haifichiki. Kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000, dozi nzima dola 84,000. Kulikuwa na bili, ikatafutwa njia ya kuikwepa, na maadili yakaonekana kisingizio cha bei rahisi.

Sisi tumekirithi kisingizio bila kurithi bili. Mwaka 2022 dozi kamili ya vidonge vya aina hiyo, vile visivyo na jina la kibiashara, ilitangazwa kwa dola 60 kwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo hospitali zetu nyingi hazina dawa hiyo rafuni, na ni rahisi zaidi kumwambia mgonjwa kwamba yeye hajawa tayari kuliko kukiri kwamba stoo ndiyo haijawa tayari.

Hoja kubwa ya wenye sharti ni ya utoro: teja hamalizi dozi, atajenga usugu wa dawa, atatuharibia wote. Hii ni hoja nzito, na anayeipuuza hajawahi kukaa kliniki. Tuipime basi kwa yaliyokwisha kupimwa.

Katika utafiti uliochapishwa 2018, watu 103 kutoka nchi saba, wote wakiwa wamejidunga dawa za kulevya karibuni, walipewa sofosbuviri pamoja na velpatasviri. Hakuna aliyeambiwa aache kwanza. Walipona 94 kati ya kila 100. La kusisimua zaidi ni kwamba takriban theluthi moja yao hawakumeza dozi ipasavyo, waliruka siku hapa na pale, nao wakapona kwa kiwango kilekile cha wenzao. Kwa upande wa VVU, huko British Columbia, Kanada, wagonjwa zaidi ya 3,000 walioanza ARV walifuatiliwa kwa miaka, na matokeo yakachapishwa 2008: waliowahi kujidunga na wasiowahi hawakutofautiana kwa kiasi cha maana katika vifo.

Najua jibu linalofuata. Hizo ni nchi za watu, wana wauguzi wa kumfuata mgonjwa mpaka mlangoni. Haya, turudi nyumbani. Nairobi na Pwani ya Kenya wapo waliotibiwa homa ya ini C wakiwa bado kwenye methadoni, dawa mbadala ya heroini, au wakihudhuria vituo vya kugawa sindano, wakimeza vidonge mbele ya mhudumu, na walio wengi walipona. Uzungu haukuhitajika, ilihitajika dawa iwepo pale walipo watu.

Na pale walipo watu tunapajua. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, inayotajwa kuwa ya kwanza ya umma katika nchi za bara kusini mwa Sahara. Zikafuata Mwananyamala na Temeke. Mwishoni mwa 2014 Kenya ikaanza pale Mathari, kisha Malindi na kwingineko Pwani. Zanzibar ikafungua Kidongo Chekundu. Leo huduma imefika Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Kwa desturi ya kliniki hizi mteja hunywa methadoni yake mbele ya mfamasia, kila siku. Kila siku maana yake Jumapili, Idi, Krismasi, na siku ile mvua imeifunga Jangwani na daladala hazipiti. Nitajieni kundi jingine la wagonjwa nchini linalofika dirishani siku zote hizo. Mgonjwa wa kisukari anakuja mara moja kwa mwezi, na anayekuja mara moja kwa miezi miwili hatumwiti mtoro, tunamwita mzee wetu. Huyu wa methadoni anakuja kila kukicha, anasimama mbele ya mhudumu, anafungua mdomo na kumeza. Halafu tunasema haaminiki kwa dawa.

Tulichofanya muda mrefu ni kumchukua mtu huyo anayefika kila siku, tukampa karatasi ya rufaa aende kliniki ya VVU (CTC) ya jengo jingine, wakati mwingine hospitali nyingine, akaanze foleni upya mbele ya watu wasiomjua, wanaomwangalia makovu ya mikononi kabla ya kumwangalia usoni. Asipofika, tunahesabu kwamba ameshindwa.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo halisemwi vya kutosha, na ambalo kwa maoni yangu limezalisha nusu ya sifa mbaya ya mateja wodini. Dawa kuu ya TB ni rifampisini. Rifampisini huliamsha ini livunje methadoni upesi kuliko kawaida. Kipimo kilichomtosha mgonjwa mwezi uliopita hakimtoshi tena. Siku chache baada ya kuanza dawa za TB, au wiki moja mbili, anaamka na arosto: makamasi, miayo isiyokwisha, tumbo la kuhara, mifupa inamuuma kama ametwangwa. Haelewi kwa nini, maana methadoni anakunywa ileile. Anachojua ni kwamba mateso yameanza tangu apewe vidonge vipya, na vidonge hivyo hugeuza mkojo rangi ya machungwa, kwa hiyo ushahidi anauona kila akienda haja. Atafanya nini? Ataacha vidonge, au atarudi maskani kununua kete ya kujituliza. Faili litaandikwa: mtoro. Mhudumu atatikisa kichwa: si nilisema?

Hakuna aliyemwambia kwamba hilo lingetokea. Hakuna aliyempandishia methadoni mapema, jambo ambalo ni la kawaida kabisa kwa anayejua dawa hizi mbili zinavyogombana. ARV za zamani, efavirenzi na nevirapini, zilikuwa na tabia hiyohiyo ya kuimeza methadoni. Dolutegraviri, iliyoanza kuchukua nafasi yao kwetu kuanzia 2019, haina ugomvi wa maana na methadoni. Ila mtu akiwa anatumia rifampisini, inabidi dolutegraviri aimeze mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Haya yote yamo vitabuni. Hayahitaji mashine wala profesa. Yanahitaji mtu mmoja anayeziona dawa zote tatu kwenye karatasi moja. Kwa mpangilio wetu, methadoni iko jengo hili, TB jengo lile, VVU ng'ambo ya barabara, kila jengo na faili lake, na mtu pekee anayezijua dawa zote tatu ni mgonjwa mwenyewe, ambaye tumekwisha kuamua kwamba ni mwongo.

Wodini ni hivyohivyo. Bakteria waliopenya na sindano chafu wakijenga kwenye vali ya moyo, tiba ni antibaiotiki za mshipa kwa wiki kadhaa, mara nyingi nne hadi sita. Mtu wa heroini hupata arosto saa chache tu baada ya dozi yake ya mwisho. Mlaze bila methadoni, bila chochote cha kutuliza, na siku ya pili utakuta kitanda kitupu na kanula iko sakafuni. Ameondoka akiwa na homa ya nyuzi 39. Tunasema amekataa matibabu. Lakini yale matibabu yalimtaka avumilie mateso mawili kwa wakati mmoja, na moja kati ya hayo lilikuwa na dawa yake kabatini, mita mia tatu kutoka kitandani kwake. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005.

Msomaji makini atanikumbusha takwimu isiyonipendeza. Katika miaka miwili ya mwanzo ya kliniki ya Muhimbili, waliobaki kwenye methadoni baada ya miezi 12 walikuwa takriban asilimia 57. Yaani wapo wengi waliopotea, na siwafichi. Lakini soma takwimu hiyohiyo mpaka mwisho. Waliopewa kipimo kidogo ndio waliopotea zaidi; waliopewa kipimo cha kutosha walibaki zaidi. Wanawake walibaki kuliko wanaume. Utoro ulifuata kipimo cha dawa, na kipimo kinapangwa na upande wa pili wa dirisha.

Hoja ya pili ni ya kujiambukiza tena. Umtibu homa ya ini C leo, kesho achangie sindano, arudi palepale; ni kutupa fedha. Kweli, hutokea. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kati ya watu 100 waliopona na wanaoendelea kutumia, kama sita huambukizwa tena katika mwaka. Geuza hesabu: tisini na nne hawaambukizwi. Na hawa sita? Sijawahi kusikia mganga wa Kilombero akimnyima mkulima dawa mseto kwa sababu mbu wa mpunga watamng'ata tena msimu ujao. Humpa dawa, humpa na chandarua. Chandarua cha mateja kinajulikana na kimepimwa: methadoni peke yake hupunguza maambukizi mapya ya homa ya ini C kwa takriban nusu, na ikiunganishwa na sindano safi za kutosha hupunguza kwa karibu robo tatu. Kwa VVU, methadoni na dawa za jamii yake zimepunguza maambukizi kwa asilimia 54. Sindano zilianza kugawiwa Temeke zaidi ya miaka kumi iliyopita, zikaanza Kenya baadaye kidogo, na kila mara zinapogawiwa anasimama mtu kupaza sauti kwamba tunawahamasisha vijana wajidunge. Ukimnyima mtu sindano safi, kisha ukamnyima dawa kwa sababu ametumia sindano chafu, usijiite mlinzi wa fedha za umma.

Ya tatu ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini, nayo naona ndiyo injini ya nyingine zote. Amejitakia. Mgonjwa wa kweli ni yule asiye na hatia, huyu ugonjwa kaununua kwa fedha yake.

Basi na tuzungumze kuhusu Misri. Kwa miaka mingi Misri ndiyo iliyokuwa ikitajwa kuwa na homa ya ini C nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Chanzo chake kikubwa kilikuwa kampeni za serikali za kutibu kichocho kwa sindano, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo sindano zilizotumika kwa mtu mmoja zilirudiwa kwa mwingine bila kuchemshwa sawasawa. Wenye mabomba ya sindano mikononi walikuwa watumishi wa afya waliovaa makoti meupe. Serikali ya Misri ilipoamka, iliwapima watu kwa makumi ya mamilioni, ikawatibu kwa mamilioni, na 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kwa hatua iliyofikia kuelekea kuutokomeza ugonjwa huo. Katika kampeni ile kirusi cha mkulima wa Delta na kirusi cha teja wa Alexandria ni kilekile, kimepita tundu lilelile la sindano, na kidonge kinachokiua hakina uwezo wa kusoma wasifu wa mtu.

Tukija kwetu, swali la hatia linazidi kuchanganyikiwa. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000 ulikuta VVU kwa zaidi ya wanawake sita kati ya kila kumi waliokuwa wakijidunga, na kwa wanaume chini ya watatu. Huko huko Dar ndiko ilikoripotiwa, mwaka 2005, ile desturi ya kutisha ya mwanamke aliyepata kete kuvuta damu yake yenye heroini na kumpa mwenzake aliyekosa fedha, ili arosto isimmalize. Nimewasikia watu wakilitaja hilo kama ushahidi wa upotovu. Mimi naona wanawake walionyimwa kila aina ya msaada wakitafuta kusaidiana kwa kitu pekee walichokuwa nacho, nacho kikiwaua.

Kuna wenzetu wa upande wangu wanaopenda kujibu hoja ya hatia kwa kusema: tuwatibu ili wasituambukize sisi. Ni kweli kwamba aliyepona homa ya ini C hana cha kumwambukiza mtu, na anayemeza ARV mpaka virusi visionekane hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Naitumia hoja hii bungeni ikibidi, maana inazungumza lugha ya bajeti. Lakini siipendi. Inamfanya mgonjwa kuwa mfereji mchafu unaozibwa kwa usalama wa mtaa, na siku bajeti ikipungua mtu atasema mfereji unaweza kuzibwa kwa njia nyingine. Msako wa polisi, kwa mfano. Tumeshauona, na kila ulipopita maskani watu walijificha mbali zaidi na kliniki.

Wapo pia wasemao methadoni ni unga wa serikali, na kwamba njia ni soba hausi tu. Soba hausi za Zanzibar na za Pwani zimewarudisha watu wengi nyumbani kwao, nami nawavulia kofia wanaoziendesha, wengi wao wakiwa wamepita humohumo. Hakuna ugomvi. Anayetaka kuacha kabisa aende. Ila aende akiwa anakohoa? Kama ana TB, atalala chumba kimoja na wenzake kumi.

Linalonitia hofu sasa ni kwamba sharti limepata mshirika mpya. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ruhusa iliyofuata ya kuendeleza dawa za VVU iliacha nje sehemu kubwa ya huduma za kinga kwa makundi kama hili. Sehemu kubwa ya kazi hii Tanzania na Kenya ilikuwa ikilipwa na fedha hizo. Sasa bajeti zinapangwa upya kwa fedha zetu wenyewe, jambo lililopaswa kufanyika zamani, na kwenye meza ya kupanga nani apate na nani asubiri, maneno "aache kwanza" yanasikika kama busara ya mhasibu. Tutarudia kosa la Wamarekani, safari hii bila hata kidonge cha dola 1,000 cha kusingizia.

Kinachodaiwa si kikubwa. Dirisha la methadoni lipewe ARV, dawa za TB na dawa za homa ya ini C, zimezwe palepale, kwa pumzi ileile, kama Muhimbili ilivyokwisha kujaribu kwa ARV. Mfamasia wa dirisha hilo apewe mamlaka ya kupandisha methadoni siku rifampisini inapoanza, asingoje kikao. Wodi za hospitali zenye kliniki ya methadoni ziruhusiwe kuiita ipande juu hadi kitandani. Na mganga mfawidhi yeyote anayetaka kuendelea kumwambia mgonjwa aache kwanza aandike sharti hilo kwenye karatasi, aweke sahihi yake chini, na alibandike ukutani pale mapokezi, mahali ambapo mkaguzi wa wizara ataliona.